Maswali na Majibu: Muhula Baharini, Siku Mbili za Msitu

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya moja habari za vyuo vinavyowapeleka wanafunzi kusoma ndani ya meli kwa muhula mzima, wakihudhuria mihadhara baharini na kushuka bandarini kujionea waliyofundishwa. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala zote za toleo lile. Tumechagua tatu, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba maswali ya wengi.

Swali la kwanza

Mpendwa Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Kasarani. Mimi ni mwanafunzi wa kike wa mwaka wa tatu, nasomea sayansi ya mazingira katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Nimepata ufadhili wa kujiunga na meli ya masomo itakayoondoka Ulaya mwezi wa Januari, ivuke Atlantiki, ipande Mto Amazon hadi Manaus nchini Brazili, kisha ivuke tena bahari kuja Afrika Magharibi na Cape Town. Safari yote ni ya siku mia moja na zaidi kidogo. Manaus tutakaa siku nne, nami nimeshajiandikisha kulala msituni siku mbili, kwenye vitanda vya bembea vinavyofungwa mitini. Tangu hapo silali kwa furaha. Naota miti mikubwa, naota chui na chatu, naota nyani wakiruka juu ya kichwa changu. Hata hivyo, chombo kikubwa zaidi nilichowahi kupanda ni feri ya Likoni, sijui kuogelea, na rafiki zangu wananitisha kwamba nitatapika kutoka Ulaya hadi Brazili. Nijiandae vipi, na msituni nitegemee nini hasa? Tena, je, muhula huu utahesabiwa nikirudi?
Msafiri Mtarajiwa, Kasarani

Jibu

Binti yangu, hongera. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikaona jinsi ulivyoigawa: msitu umeupa ndoto zako zote, bahari umeipa hofu, na masomo umeyakumbuka katika sentensi ya mwisho. Safari yenyewe imegawanyika kinyume cha hapo. Katika siku mia moja, msitu ni siku mbili. Sisemi hivyo ili kukupunguzia furaha, kwa maana ningekuwa na umri wako nisingelala pia. Nasema hivyo kwa sababu naamini kwamba siku hizo mbili zitakuwa na thamani kulingana na utakavyozitumia zile zilizozitangulia, pamoja na miezi uliyobaki nayo hapa Nairobi.

Nianze na karatasi, kwa kuwa ndizo zitakazokuzuia kabla mawimbi hayajapata nafasi. Kuhesabiwa kwa muhula si jambo la kuuliza ukirudi. Meli si chuo. Kuna chuo kikuu cha nchi kavu kinachozidhamini kozi zake na kutoa alama. Chukua mihtasari ya kozi utakazosoma pamoja na idadi ya saa za mihadhara, upeleke kwa mwenyekiti wa idara na mkuu wa kitivo chako, na usikate tiketi kabla ya kupata barua yenye sahihi na muhuri. Ahadi ya mdomo ya mhadhiri, hata awe mwema namna gani, haifiki mbele ya seneti.

Kuhusu viza, waandalizi hutoa maelezo yaliyotayarishwa kwa kuwafikiria wanafunzi wa Marekani, ambao ndio wengi katika meli hizi, na maelezo hayo hayaihusu pasipoti ya Kenya. Tengeneza jedwali lako mwenyewe, bandari kwa bandari, ukiuliza ubalozi wa kila nchi. Ikiwa meli inaondokea katika nchi ya Schengen, yaani mojawapo ya nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, utahitaji viza ya huko hata kama utalala bara usiku mmoja tu. Hakikisha pia kwamba pasipoti yako itakuwa na angalau miezi sita ya uhai baada ya kurudi. Uliza waziwazi kama ufadhili wako unalipia matembezi ya bandarini, maana mara nyingi hayamo katika ada.

Chanjo ya homa ya manjano usiiache hadi wiki ya mwisho. Cheti chake huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 kinakubalika kwa maisha yote. Wasafiri wengi hudhani kwamba chanjo hii ni kwa ajili ya Amazon peke yake, wakasahau kwamba Kenya nayo imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Mwaka 2022 ulizuka Isiolo. Kwa hiyo utakuta maafisa wa bandari wanakidai cheti kwa sababu ya unakotoka kama vile kwa sababu ya unakokwenda. Kuhusu malaria, mwone daktari mapema akuandikie dawa za kujikinga, na usijione sugu eti kwa kuwa ni Mkenya, kwa sababu mtu aliyekulia Nairobi hana kinga ya mtu wa Busia. Kule Brazili aina iliyoenea zaidi ni ile ya vivax, ambayo inaweza kujificha kwenye ini na kuibuka miezi kadhaa baadaye. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana kinga ya kimaumbile dhidi yake, lakini kinga hiyo si kamili. Ukipata homa hata Agosti, mwambie daktari wako kwamba ulilala Amazon.

Sasa bahari. Rafiki zako hawakudanganya sana. Kichefuchefu cha melini hutokea kwa sababu sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mizani ya mwili, huuambia ubongo kwamba unayumba, ilhali macho yanayotazama kuta za chumba yanauambia kwamba umetulia. Ubongo unaposhindwa kujua umwamini shahidi yupi, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Ndiyo maana tiba ya kwanza ni kupanda sitahani na kukaza macho kwenye upeo, ili macho na masikio yatoe ushahidi mmoja. Tiba ya pili ni mahali pa kulala. Wazee wa pwani walituachia methali ya "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani", nayo shuleni tulifundishwa kwamba ni ya kumkumbusha mtu kwao. Lakini ukiisikiliza kwa sikio la baharia, utagundua kwamba imebeba elimu ya chombo. Tezi na omo, yaani nyuma na mbele, ndizo zinazopanda na kushuka kuliko sehemu nyingine zote. Chini katikati, ilipo ngama, ndipo chombo kinapotulia. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba chumba cha katikati katika sitaha za chini, hata kama hakina dirisha la kupigia picha. Tangawizi inawasaidia wengi. Dawa za dukani nazo husaidia, ila hufaa zaidi zikimezwa kabla ya kigegezi kuanza, na baadhi yake huleta usingizi utakaokuaibisha darasani. Watu wengi huzoea baada ya siku mbili au tatu.

Wasiozoea nao wana mwenzao mashuhuri. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliondoka Uingereza tarehe 27 Desemba 1831 akiwa na umri wa miaka 22, ametoka tu chuoni, na kichefuchefu hakikumwacha kwa safari nzima ya karibu miaka mitano. Mwezi wa Februari 1832 alishuka Salvador, pwani ya Brazili, akaingia katika msitu wa tropiki kwa mara ya kwanza maishani, akasahau taabu zote. Ukihesabu vizuri utaona kwamba katika miaka ile mitano alikaa baharini kama miezi kumi na minane tu. Muda mwingine wote alikuwa nchi kavu akiokota mawe na wadudu. Tumbo lake lilimfundisha kuishukuru kila bandari.

Kutojua kuogelea hakukuzuii, ingawa kwa muda uliobaki mimi ningejifunza. Nairobi haikosi mabwawa. Muhimu zaidi ni zoezi la dharura ambalo abiria wote hufanya kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka, kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa usalama baharini uliozaliwa baada ya Titanic kuzama mwaka 1912. Utavaa jaketi la kuelea na kuonyeshwa kituo chako, na utaambiwa kwamba honi saba fupi zikifuatwa na moja ndefu maana yake ni kukimbilia kituo hicho. Wanafunzi hulichukulia zoezi hilo kama mzaha. Wewe usiye mwogeleaji usicheke nao.

Kuhusu masomo, mpango maarufu zaidi wa aina hii ulianzishwa Marekani mwaka 1963 na leo unajulikana kama Semester at Sea. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alisafiri nao zaidi ya mara moja, akiishi na wanafunzi melini. Utaratibu wake ndio ulioigwa kwingine: siku za baharini ni za darasa, ziwe Jumamosi au Jumapili, na siku za bandarini ni za kushuka. Intaneti ni ya setilaiti na wakati mwingine hujikokota, kwa hiyo makala na vitabu utakavyovihitaji vipakue ukiwa bado Nairobi. Mkielekea magharibi saa zitarudishwa nyuma, nawe utapewa saa nzima ya bure mara kadhaa. Zitumie vizuri, maana mtakapogeuka kuja Afrika zitadaiwa moja baada ya nyingine.

Hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi: usisubiri hadi Manaus ndipo ufungue macho. Amazon hautaanza kwenye miti, utaanza baharini. Mto huo peke yake humwaga karibu sehemu moja kwa tano ya maji yote ambayo mito ya dunia huyapeleka baharini, na bahari hubadilika kuwa ya kahawia kabla hujaona nchi kavu. Karibu na Macapá, mji uliokaa juu ya mstari wa Ikweta kama Nanyuki na ulio na mnara wake wa kuuonyesha, rubani atapanda melini. (Vijana wa leo humjua rubani wa ndege tu, lakini neno hilo lilikuwa la bahari kwanza, na huko utalikuta likifanya kazi yake ya asili.) Kutoka mdomoni mwa mto hadi Manaus ni kama kilomita 1,500, zaidi ya mara tatu ya Nairobi hadi Mombasa, na meli ya baharini hupita humo siku mbili au tatu bila kugusa chini. Kujaa na kupwa kwa bahari husikika hadi Óbidos, kiasi cha kilomita 800 ndani ya bara. Ni kana kwamba maji ya Mombasa yangepwa na watu wa ng'ambo ya Kisumu wakajua.

Ukifika Manaus utapelekwa kuona mahali mito miwili inapokutana. Rio Negro ni mweusi kama chai ya rangi. Solimões, yaani Amazon yenyewe kabla ya kukutana na Rio Negro, unaobeba udongo wa milima ya Andes, una rangi ya chai ya maziwa. Mfano wa chai si wangu wa kupambia maneno. Weusi wa Rio Negro unatokana na majani yaliyooza na kutoa rangi yake majini, jambo lilelile linalofanyika katika birika lako. Mito hiyo huenda sambamba kwa kilomita sita hivi bila kuchanganyika, kwa sababu Solimões ni baridi zaidi, mzito zaidi na wenye mwendo wa kasi. Swali ambalo mwanafunzi wa mazingira anapaswa kumuuliza kiongozi hapo ni hili: tutalala upande wa mto upi? Maji ya Rio Negro yana asidi ambayo viluwiluwi vya mbu haviipendi, na kandokando yake mbu ni wachache kwa kiasi ambacho utakihisi usiku.

Muulize pia kuhusu kimo cha maji. Bandari ya Manaus ina gati linaloelea, kwa sababu mto hupanda na kushuka zaidi ya mita kumi kila mwaka. Mwaka 2021 maji yalipita alama ya mita 30, na mwaka 2024, wakati wa ukame, yalishuka chini ya mita 13. Tofauti ya jengo la ghorofa tano. Wewe utafika mto ukiwa unapanda, kwa hiyo sehemu ya msitu hutaitembea kwa miguu, utaipita kwa mtumbwi katikati ya mashina. Samaki aitwaye tambaqui huingia humo msimu huo kula matunda yanayodondoka mitini. Ukimkuta jioni amechomwa, mle ukijua kwamba yeye pia ni mkulima wa msitu ule, kwa jinsi anavyozisafirisha mbegu tumboni.

Na sasa msitu wenyewe, pamoja na chui wako na chatu wako. Wewe umekulia katika jiji ambalo mtu akisimama kando ya uzio wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi anaweza kumwona twiga na nyuma yake majengo ya katikati ya mji. Hayo ni macho ya mbuga, yaliyozoea nyasi na umbali, na msituni hayana kazi. Katika msitu wa mvua ni mwanga kidogo sana wa jua unaofika chini. Uhai mwingi uko juu, mita thelathini na zaidi kutoka kichwani pako, na umefunikwa na majani. Wataalamu waliokadiria mwaka 2013 walisema kwamba katika eneo lote la Amazon kuna miti kama bilioni 390 ya aina zipatazo 16,000. Kwa maneno mengine, utaona miti. Wanyama utawasikia. Uwezekano wa kumwona chui wa kule ndani ya siku mbili ni mdogo mno, na kama ndilo lengo lako, utarudi melini umenuna.

Kwa hiyo nakupa kazi: kabla ya Januari, nenda Kakamega. Msitu wa Kakamega ni kipande kilichobaki, kwa upande wetu wa mashariki, cha msitu mkubwa uliowahi kuungana na ule wa Kongo. Una mbega, una ndege aitwaye shorobindo mkubwa wa buluu, una giza la mchana. Mara yangu ya kwanza kuingia humo nilitembea saa tatu na wenzangu, tukipiga gumzo, tukatoka tukilalamika kwamba tumelipa kiingilio kuona majani. Mzee aliyekuwa akituongoza hakutujibu. Siku ya pili alitukalisha chini ya mti mmoja, akatukataza kusema kwa nusu saa. Dakika kumi za kwanza nilisikia njaa tu. Kisha nikaanza kutofautisha sauti, kisha nikaona tawi likitikisika bila upepo, na mwishowe mbega saba walikuwa wamekaa juu yetu, na nadhani walikuwapo tangu tulipofika. Zoezi hilo la kukaa lifanye mara nne au tano. Kama nauli ya Kakamega ni ngumu, Karura ipo, ule msitu ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999 hadi akajeruhiwa. Si msitu wa mvua, lakini kukaa kimya unaweza kujifunza popote.

Zoezi la pili ni la kuvitambua vitu vya nyumbani ukiwa ugenini. Mti mrefu wenye mizizi iliyosimama kama kuta, ambao viongozi wa Manaus hupenda kuwaonyesha wageni na kuuita samaúma, ni msufi, uleule ambao sufi yake imejaza mito ya kulalia ya pwani yetu. Muhogo asili yake ni huko Amerika Kusini na uliletwa kwetu na Wareno, pamoja na nanasi na mkorosho. Huko utaukuta kila mahali, umekaangwa kuwa unga wa chengachenga, na maji ya ule mchungu yamechemshwa hadi sumu ikaisha yakawa mchuzi wa tacacá, wenye majani yatakayokutia ganzi mdomoni. Hata vumbi la Afrika limo. Kila mwaka upepo hubeba vumbi la Sahara, hasa kutoka bonde la Bodélé nchini Chad, na kulidondosha Amazon kiasi cha tani milioni 27. Ndani yake mna fosforasi inayofidia ile inayosombwa na mvua katika udongo ambao, kinyume cha unavyofikiri mtu akitazama miti ile, ni maskini. Ukiwa na maprofesa melini usiku wa kabla ya kufika, hilo ndilo ningeliuliza, kuliko habari za chatu.

Neno moja kuhusu picha. Utaletewa mtoto wa mamba au mnyama mwingine umshike, na utapelekwa kijijini ambako watu watavaa manyoya na kucheza kwa saa uliyopangiwa. Unajua jinsi morani wa Kimaasai wanavyopangwa mstari waruke mbele ya kamera za wageni, na unajua jinsi unavyojisikia ukiwa Mkenya unayetazama. Wanyama usiwashike, na sheria za Brazili zinakataza biashara hiyo. Kuhusu kijiji, uliza fedha zinamfikia nani, kisha uamue mwenyewe, sipendi kukuamulia.

Mizigo iwe michache: nguo nyepesi za mikono mirefu zinazokauka upesi, soksi nyingi, kofia, tochi ya kichwani, darubini ndogo hata ya kuazima, na mfuko usiopitisha maji. Jinzi ziache melini. Manaus iko kusini mwa Ikweta, mahali ambapo kwenye ramani pangekuwa kati ya Nairobi na Mombasa, lakini haifiki mita 100 juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni la Mombasa mwezi wa Machi bila ule upepo wa baharini. Daftari lako liwe na nakala. Mtafiti wa viumbe Alfred Russel Wallace alikaa Amazon miaka minne, na meli iliyokuwa ikimrudisha Uingereza mwaka 1852 ikashika moto katikati ya Atlantiki, ikateketea pamoja na karibu kila kitu alichokusanya. Wewe una simu. Kila jioni piga picha kurasa ulizoandika.

Swali la pili

Mshauri, mwanangu wa kiume anasema ataomba nafasi katika meli hizo za masomo. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyehamia Nairobi kwa ndoa, na mkasa wa feri ya Mtongwe wa mwaka 1994 naukumbuka kama jana. Nitajuaje kwamba yuko hai akiwa mahali simu haifiki? Na nyoka je?
Mama Mwenye Wasiwasi, Umoja

Jibu

Mama, shikamoo. Aliyeishuhudia Mombasa ya siku ile, watu zaidi ya 270 wakipotea karibu kabisa na nchi kavu, haambiwi kwamba anaogopa bure. Lakini chombo kile kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi na hakikuwa na vifaa vya kuwatosha. Meli ya abiria ya bahari kuu hairuhusiwi kuondoka bila nafasi ya kila mtu katika vyombo vya kuokolea, na kijana wako ataonyeshwa nafasi yake siku ya kwanza.

Kuhusu habari zake, mkubaliane mapema siku za kuzungumza, na mkubaliane pia kwamba kimya cha siku tatu si msiba. Akiwa Manaus, saa yake itakuwa nyuma ya yako kwa saa saba: wewe ukimaliza chakula cha jioni saa mbili usiku, yeye yuko saa saba mchana. Akiingia msituni asitarajiwe kabisa. Mwombe akuachie ratiba ya bandari na nambari ya dharura ya waandalizi, uibandike jikoni.

Nyoka wapo. Anayeuma watu wengi zaidi katika Amazon ya Brazili si yule chatu mkubwa wa majini wa kwenye sinema, bali ni jararaca, nyoka wa rangi ya majani makavu anayejilaza chini. Kwa hiyo kinga ni gambuti ndefu, tochi usiku, kutoweka mkono mahali ambapo jicho halijatangulia, na kukung'uta viatu asubuhi kwa sababu ya sisimizi wakubwa na nge. Manaus ina hospitali ya serikali iliyobobea katika magonjwa ya tropiki na kuumwa na nyoka, na matibabu ya huko hayapungui ya hapa. Kwa hakika mimi ningemwogopea kijana wako zaidi pikipiki za mjini kuliko nyoka, lakini hilo nadhani unalijua tangu Umoja.

Swali la tatu

Je, ni kweli kwamba gugumaji la Ziwa Victoria lilitoka Amazon? Kama ni kweli, mbona huko halijaufunga mto?
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Dagoretti

Jibu

Ni kweli. Asili yake ni bonde la Amazon, na lilisambazwa duniani na watu waliopenda maua yake ya zambarau. Katika Ziwa Victoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka iliyofuata wavuvi wa Kisumu na Homa Bay walishindwa kutoa mitumbwi yao ufukweni.

Huko kwao gugumaji lina majirani wanaolila. Kuna fukusi wadogo wa jamii ya Neochetina wanaoishi kwa kutoboa majani na mashina yake, na ndio walioletwa na kuachiliwa katika ziwa letu katika miaka ya 1990 ili wasaidie kulipunguza. Yuko pia nguva wa mtoni, binamu wa nguva wetu wa Lamu, anayekula majani ya majini kwa wingi. Tena mto wa huko hupanda na kushuka sana kila mwaka, na mimea mingi inayoelea hubaki nchi kavu ikanyauka. Ziwa letu halishuki hivyo, na kwa miaka mingi limekuwa likipokea mbolea ya mashambani na maji taka ya miji, ambayo kwa gugumaji ni karamu.

Kuna yungiyungi mmoja wa Amazon mwenye majani ya mviringo yanayoweza kupita mita mbili kwa upana, ambaye wanasayansi wamempa jina la malkia yuleyule ambaye ziwa letu linaitwa kwa jina lake. Huyo hakuletwa ziwani. Msafiri wetu wa Kasarani akiwaona wote wawili wakiwa pamoja katika maji ya kwao, tumemwomba akupigie picha.